Vitabu Vinne na Sufuria ya Maharagwe

Likizo ndefu ya mwaka juzi niliandika orodha ya vitabu kumi na kimoja. Ninafundisha Kiswahili sekondari hapa Jinja, na tangu shule zifungwe Desemba hadi zifunguliwe Februari nina wiki kama tisa hivi za kiangazi, jua kali na vumbi, hakuna wa kunifuata na madaftari ya kusahihisha. Kwa hesabu ya kalamu, vitabu kumi na kimoja havikuwa kitu. Januari ilipokwisha nilikuwa nimemaliza viwili, tena vijitabu vya maombi ya vita vya kiroho, vya aina ileile ninayoisoma kila mwaka. Vingine tisa vilibaki vinaniangalia.

Kwa hiyo mwaka huu, kabla ya kupanga lolote, nilishusha vitabu vyangu vyote kutoka rafuni nikavimwaga kitandani na kuvitenga mafungu. Fungu la ushindi, baraka na ndoa lilifika magotini. La historia ya kanisa lilikuwa kitabu kimoja, na hicho nilipewa zawadi. Waandishi waliokufa kabla sijazaliwa hawakuwapo kabisa, ukiwaondoa wa Biblia. Niliona aibu kidogo, mtu niliyeokoka nikiwa kidato cha pili.

Mwandishi Mkristo C. S. Lewis, katika utangulizi aliouandikia tafsiri ya kitabu cha Athanasio, askofu wa karne ya nne, juu ya Umwilisho, yaani Mungu kufanyika mtu, alishauri kwamba ukimaliza kitabu kipya usishike kipya kingine mpaka usome cha zamani katikati. Ukishindwa, basi walau cha zamani kimoja kwa kila vipya vitatu. Mimi nilikuwa na deni la miaka ishirini, sikuona haja ya kubembeleza. Nikachagua vinne tu: Zaburi, Maungamo ya Agostino, Safari ya Msafiri cha John Bunyan, na kitabu kuukuu cha Kanisa la Uganda wakati wa Idi Amin nilichokiokota kwa muuza mitumba ya vitabu kando ya barabara Kampala. Cha Bunyan nilikivukia mpaka Busia, upande wa Kenya, maana vitabu vya dini vya Kiswahili huku kwetu ni vya kutafuta kwa tochi.

Kupanga vitabu ni rahisi. Kilichonishinda miaka yote ni saa. Safari hii kila kitabu nilikipa mahali pake pa kukaa, na hakikuruhusiwa kuhama.

Zaburi zilikaa kitandani, asubuhi na usiku. Kitabu cha Sala cha Waanglikana kimezigawa zote 150 kwa siku thelathini, na uzuri wake ni kwamba unafuata tarehe. Krismasi tulikwenda Tororo kwa ndugu, siku tano sikugusa kitu. Zamani ningerudi na deni la siku tano, nikakata tamaa. Sasa niliangalia kalenda tu, leo tarehe ngapi, nikaendelea na za siku hiyo. Kuna jioni ngumu lakini. Tarehe 15 jioni ni Zaburi ya 78 peke yake, aya 72, na umeme ulikuwa umekatika. Niliisoma kwa tochi ya simu nikiwahesabia Waisraeli manung'uniko yao huku na mimi nikinung'unika.

Agostino alikaa kwenye sigiri. Maharagwe makavu kwetu yanachukua karibu saa mbili kuiva, na huwezi kwenda mbali, lazima uongeze maji, uchochee mkaa. Nikawa naweka sufuria saa mbili asubuhi, navuta kigoda, nafungua kitabu. Maharagwe yakiwa ya zamani nasoma zaidi. Kurasa zangu zina alama za vidole vya masizi hadi leo. Maungamo yamegawanywa vitabu kumi na vitatu, na katika cha pili anasimulia alivyoiba mapeasi na wenzake akiwa na miaka kumi na sita, wala hawakuwa na njaa, mengi wakawatupia nguruwe. Nilicheka peke yangu. Mimi nimekulia kambi ya polisi, na najua maembe ya afisa mmoja yalivyokuwa na ladha kuliko ya nyumbani. Yeye amelichimba kosa hilo kurasa kadhaa, akitafuta alipenda nini hasa katika wizi ule. Nilipofika kitabu cha nane, pale bustanini anaposikia sauti ya mtoto ikisema chukua, usome, harufu ya kuungua ikanifikia. Tulikula posho, yaani ugali, na mboga siku hiyo.

Vitabu viwili vilivyobaki vilikuwa vya jioni, na Mama. Macho yake hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea kwa sauti ukumbini. Kile cha enzi za Amin hatukukimaliza haraka kwa sababu kila baada ya ukurasa ananisimamisha. Tulipofika tarehe 16 Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, Mama aliniambia nifunge kitabu kwanza. Alikuwa bibi arusi mpya kambini. Oryema ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa polisi wa nchi hii, wanaume wa kambi walimjua. Redio ikasema ni ajali ya gari. "Baba yako aliizima," Mama akasema, "akaenda kukaa nje gizani. Hakuna aliyeuliza neno." Miaka yote hii hakuwahi kunieleza. Nikaona mpango wangu uishie tarehe hiyo, siku ya Luwum, ingawa shule zingekuwa zimefunguliwa.

Na uliishia hapo. Agostino nimemwacha na vitabu viwili vya mwisho, vile anavyofafanua kitabu cha Mwanzo cha Biblia, vinanisubiri kiangazi kijacho.

Bunyan ndiye aliyezua mabishano. Tangu jioni ya kwanza, Mkristo, ndiye msafiri mwenyewe, anapokimbia ameziba masikio akilia uzima, uzima, mke na watoto wakimwita nyuma, Mama hakumpenda. "Watoto amewaachia nani huyo?" Kila jioni aliuliza tena: amewatumia habari? Kitabu changu kina sehemu ya kwanza tu, iliyotoka 1678. Nikamweleza kwamba Bunyan alikuja kuandika sehemu ya pili, mwaka 1684, ambamo mke anafunga safari na watoto wake wote.

Mama akahesabu kwa vidole.

"Miaka sita," akasema. "Nitafutie hiyo."