Dakika mbili nyuma ya ndege kubwa

Shangazi yangu kapanda Caravan, kile kidege kidogo cha abiria, kwenda Unguja, akapewa kile kiti cha mbele kando ya rubani, na tangu hapo sina amani. Kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, lile lidege limeshaondoka, hata halionekani, barabara ya kurukia nyeupe, sisi tumekaa tu jasho linatutoka. Huko mnarani mlikuwa mnakunywa chai?"

Chai ilikuwepo huku mnarani tunakoongozea ndege, sikatai. Ila macho yalikuwa kwenye saa.

Ndege nzito kama Boeing 787 ikiruka, hewa ya chini ya bawa hukimbilia juu kupitia nchani, ikajisokota. Kila bawa huacha nyuma kimbunga kilicholala, na huwezi kukiona. Kinakuwa kikali zaidi ndege ikiwa nzito na mwendo wake mdogo, yaani pale pale inapoacha ardhi na tangi zimejaa. Caravan haifiki hata tani nne. Ikiingia humo inaweza kubinuliwa ubavu kabla rubani hajasema neno. Aliyewahi kuwa kwenye ngalawa boti ya Zanzibar ikapita karibu atanielewa.

Ndiyo maana sheria inatutaka tumsubirishe mdogo dakika 2. Akiamua kuanzia katikati ya barabara zinakuwa 3, na marubani wa Caravan wanapenda sana katikati, maana kilomita tatu za lami wao za nini? Shida ni kwamba akianzia mwanzo kabisa, anapaa mapema na kupita juu ya njia ya yule mkubwa. Akianzia katikati, anaweza kupaa moja kwa moja ndani ya kimbunga chenyewe.

Sheria hizi zina damu ndani yake. Mei 30, 1972, Fort Worth, Texas, ndege ya mazoezi aina ya DC-9 ilikuwa inatua nyuma ya DC-10, ndege kubwa zaidi yake. Ikabinuka karibu na ardhi, wote wanne waliokuwemo wakafa. Baada ya hapo Wamarekani wakaongeza umbali wa kukaa nyuma ya ndege nzito. Leo ndege ndogo ikija kutua nyuma ya nzito, tunaiweka maili 6 za baharini.

Watu hudhani kazi ngumu iko huko juu, lakini huko futi 1,000 kati ya ndege ya juu na ya chini kwa kawaida zinatosha. Mimi asubuhi tulivu ndiyo siiamini. Kusi likivuma kwa nguvu, vimbunga husambaratika na kusukumwa pembeni. Kikiwa kiupepo chepesi cha ubavuni, kimbunga kimoja kinaweza kubaki palepale juu ya lami. Rubani anaona anga safi, ananiuliza kama anaweza kwenda. Namwambia asubiri.

Ufundi hasa ni kupanga foleni mapema. Nikiona kubwa inaanza kusukumwa kutoka kwenye maegesho, naangalia ni Caravan ngapi zimewasha injini, nazitanguliza. Nyuma ya ndogo kubwa haina haja ya kusubiri kimbunga. Rubani wake atanuna kidogo redioni kwa kuwekwa nyuma ya videge, lakini nikimweka mbele, videge vyote vinne vitaanza kuhesabu dakika.