Usukani Uko Kushoto

Jumamosi asubuhi, chai imeshapoa.

Jana nilikuwa na kidato cha tano, kipindi cha klabu ya habari, saa nane na nusu mchana, jua limekaa juu ya bati na nusu ya darasa wanapigana na usingizi wa maharage. Shuleni simu ni marufuku, kwa hiyo mambo ya mtandaoni nawafundisha kwa karatasi. Alhamisi nilipita steshenari nikaprinti picha moja kwa rangi, na nakala kumi na mbili nyeusi na nyeupe, maana hela ni ya mfukoni mwangu.

Picha yenyewe ni hii: barabara pana imezama, maji ya matope yamefika kwenye vioo vya magari, mnazi umelala, mtu yuko juu ya paa, na kwa mbali kuna ukuta wa maji unaokuja. Juu yake pameandikwa kwa herufi nyekundu: KIMBUNGA HIDAYA CHAINGIA MAFIA. Nikawaambia wanitajie wanachokiona tu. Wanachokijua wakae nacho kwanza.

Maji. Mnazi. Yule wa kwenye paa. Binti mmoja kwao ni Mafia, akauliza hiyo barabara ya njia nne imejengwa lini Kilindoni, na darasa zima likaangua kicheko. Nikadhani tumemaliza. Lakini kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikumbuki kuisikia sauti yake, alikuwa ameiinua karatasi karibu iguse pua.

"Madamu, huyu dereva amekaa upande gani?"

Gari la mbele, kioo kimeshushwa, mkono umetoka nje umeshika mlango. Kushoto. Tukaangalia la pili, kushoto. La tatu, kushoto. Hapa kwetu gari moja la usukani wa kushoto utalikuta, labda lori la transiti. Matatu mfululizo, kwenye kisiwa?

Ile picha ninayo kwenye simu tangu Mei 2024. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ule mkono sikuwahi kuuona.

Jumatano nilikuwa nimewaonyesha picha hiyohiyo wanafunzi wangu wa diploma kule chuoni, kwenye somo la stadi za mawasiliano. Wao simu wanazo, bando wanalo. Hazikupita dakika mbili, watatu walikuwa wameshaitafuta kwa Google Lens, ile ya kutafuta picha ilikotoka, wakakuta ni ya zamani na ni ya nchi nyingine kabisa. "Feki hiyo, madamu," wakarudi TikTok. Jibu lao lilikuwa sahihi na nikawapa alama. Ila kuna swali ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza, na yule kijana wa dawati la nyuma aliniuliza:

"Wewe uliipata wapi?"

Ningeweza kusema mtandaoni, tukaendelea. Sijui kwa nini sikusema hivyo. Labda ni lile joto. Nikawaambia nilitumiwa, na mimi nikaituma kwenye grupu la ukoo wetu, watu sitini na kitu, usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei, wakati Hidaya inasogea pwani. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zilikuwepo, nilizisoma: kasi ya upepo, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, wavuvi wasiende baharini. Zilikuwa sahihi, na ukweli ni kwamba zilinichosha. Picha ilikuwa na ukuta wa maji. Tena ilikuja na ile mishale miwili juu, alama ya WhatsApp kwamba ujumbe umeshapita mikono mitano au zaidi. Mimi mwalimu wa mawasiliano mishale hiyo niliisoma kinyume: nikaona imethibitishwa na wengi.

Mama yangu yuko Kilwa Kivinje. Alipoiona alimbeba mjukuu mgongoni, akafunga nyumba, akatembea usiku ule kwenye mvua mpaka kwa kaka yake, sehemu ya juu. Mvua ilikuwa ya kweli, na baadaye barabara ya kusini ilikatika kweli kule Somanga. Ule ukuta wa maji haukuja. Kimbunga kilipofika Mafia kilipungua nguvu. Mama alikohoa wiki mbili.

"Ulikanusha?"

Huyohuyo tena. Nikamwambia nilifuta. Asubuhi yake nilibonyeza "futa kwa wote", pakabaki yale maneno ya kwamba ujumbe umefutwa. Akanitazama kwa adabu zote, akasema, "Kufuta siyo kukanusha, madamu."

Mkuu wa shule alinitaka nianze na sheria. Alikuwa na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kichwani, faini isiyopungua milioni tano, jela isiyopungua miaka mitatu, akaniambia wakisikia hiyo watanyooka. Nilikisoma darasani wiki ya kwanza na wakanyooka kweli. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka kengele. Kwanza kifungu kinamhusu anayejua kwamba ni uongo na ana nia ya kupotosha, na mimi usiku ule sikuwa najua kitu.

Kutilia shaka wanajua tayari, sikuwafundisha mimi. Msimu wa usajili waambie mshambuliaji fulani anakwenda Simba au Yanga, watakujibu hizo ni tetesi mpaka atambulishwe na jezi mkononi. Kinachowashinda ni kilekile kinachonishinda mimi: ujumbe ukitoka kwa shangazi, unamrudishaje? Dakika ishirini za mwisho tulizimalizia hapo. Mvulana mmoja alisema haiwezekani, utaambiwa umesoma umekuwa na kiburi. Binti wa Mafia akaenda ubaoni akaandika: *Shangazi shikamoo. Ujumbe wako wa jana ulinitisha na mimi, nikaulizia. Nimeambiwa picha ni ya zamani. Nimeona nikwambie wewe kwanza.* Halafu akageuka akasema hiyo unaipeleka inboksi, hauiweki kwenye grupu. Unamwachia aitoe mwenyewe. Nimeinakili neno kwa neno kwenye daftari langu la maandalizi.

Lakini mimi mkosaji wangu hayuko inboksi. Mkosaji ni mimi, na nilikosea mbele ya grupu zima.

Jana usiku nikaandika. Shikamooni wazee wangu, habari za jioni wote. Nikaeleza: ile picha ya Hidaya niliyoituma, haikuwa Mafia, haikuwa hata nchi yetu, naomba radhi, hasa kwa mama. Ikakaa nusu saa imesomwa na watu thelathini, hakuna neno. Mwisho mama mdogo akauliza, "Picha gani tena?"

Hapo nikakwama. Hawaikumbuki. Nikitaka waelewe nakanusha nini, inabidi niitume tena. Nikaichora msalaba mkubwa mwekundu, nikaandika katikati SI KWELI, nikaweka na kimshale pale kwenye mkono wa dereva. Nikaituma.

Baba mdogo, ambaye macho yamemsumbua tangu mwaka juzi na huwa anasoma bila miwani, alikuwa wa kwanza kujibu.

"Innalillahi. Poleni sana. Hii ni leo?"