Kabla hujaacha kazi ya kea Uingereza

Nimechoka kusikia "wenzako wanaitafuta hiyo kazi." Mtu anapiga simu Mwanza au Kisumu kusema amefika mwisho, anajibiwa hivyo, halafu anakumbushwa ada ya Januari. Wanaosema hivyo hawajaiona siku ya kea anayehudumia wazee majumbani. Saa moja asubuhi yuko kwa mzee wa kwanza: ana nusu saa ya kumwamsha, kumwogesha, kumbadilisha pedi, kumpa dawa, kumpikia uji wa shayiri na kuandika yote kwenye programu ya simu. Mzee wa pili yuko upande wa pili wa mji, dakika 25 kwa basi, na dakika hizo haziingii kwenye mshahara. Mchana kuna masaa manne hana mteja, na nyumbani ni mbali mno kurudi akalala. Anamaliza saa nne usiku, amelipwa masaa manane. Kisheria, muda wa kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine unahesabiwa kwenye kima cha chini, ambacho Aprili 2025 kiliwekwa pauni 12.21 kwa saa. Akiuliza, anaambiwa viza yake iko mikononi mwa kampuni. Kuchoshwa na maisha hayo si uvivu wala kukosa shukrani.

Lakini ushauri unaoniumiza zaidi unatoka kwa watu wanaotupenda: "Acha kwa imani, Mungu atafungua mlango." Ndugu yangu, viza hii imefungwa kwa mwajiri mmoja. Ukiacha, anatakiwa kuiarifu Home Office, wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza, ndani ya siku 10 za kazi. Nao wakilishughulikia faili lako, hukupunguzia viza, kwa kawaida zinabaki siku 60, au pungufu kama viza ilikuwa karibu kuisha. Siku hizo zinahesabiwa tangu uandikiwe barua, si tangu ulipoacha kazi, na barua inakuja kwa barua pepe. Kwa hiyo ingia leo kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, uhakikishe anwani iliyomo ni yako na si ya wakala aliyekujazia fomu kule Nairobi. Barua ikienda kwake, siku zinakwisha hujui lolote.

Nehemia wa kwenye Biblia alipoulizwa na mfalme anataka nini, kwanza alimwomba Mungu wa mbinguni. Kisha, papo hapo, akaomba nyaraka za kuwaonyesha maliwali ng'ambo ya Mto ili wampitishe, na waraka wa kwa Asafu, mtunza msitu, apewe miti. Sala na nyaraka vilikwenda pamoja.

Kwa hiyo omba, na utafute ukiwa bado kazini. Kila kampuni unayoiandikia, itafute kwanza kwenye orodha ya wenye leseni ya udhamini, yaani ruhusa ya kudhamini viza za wafanyakazi wa kigeni, iliyoko wazi kwenye tovuti ya serikali. Kwenye usaili uliza mapema kama wana COS (hati ya udhamini unayoombea viza) ya kukupa, maana wengi wana leseni bila COS. Anayekutaka uinunue, achana naye: ada ya COS ni ya mwajiri, na kwa zilizotolewa kuanzia 31 Desemba 2024 haruhusiwi kukutoza wewe gharama hiyo. (Mlio nyumbani, tangu 22 Julai 2025 kea hawaajiriwi tena kutoka nje. Wakala wa Dar anayeuza kazi hiyo leo anauza kitu ambacho hakipo. Walioko hapa tayari ndio wanaoweza kuhama mwajiri, na nafasi hiyo imepangwa kufungwa 22 Julai 2028.)

Ukipata COS una miezi mitatu ya kutuma ombi la viza mpya. Usianze kazi mpya kabla ombi halijakubaliwa, hata shifti moja ya majaribio. Usisafiri nje, hata kwa msiba; ukitoka nchini ombi linahesabika umeliondoa. Ombi likitumwa kabla viza ya sasa haijaisha, unabaki halali na unaweza kuendelea na mwajiri wa zamani mpaka jibu litoke. Hapa ndipo wengi wanapoteleza: wanakabidhi notisi siku ileile waliyopata COS, kisha wanakaa wiki kadhaa bila mshahara, na viza yetu hairuhusu misaada ya serikali. Kodi ya chumba haisubiri. Tenga ya miezi mitatu kabla hujafikiria notisi, na wa nyumbani waambie mapema kwamba kutuma kutapungua.

Kipindi hiki cha kusubiri jibu ndicho cha imani hasa. Umefanya ya kwako yote, hakuna simu ya kupiga itakayoharakisha. Hapo funga, sali, na umruhusu mtu mmoja wa kanisani au msikitini ajue hali yako.

Viza ikitoka, toa notisi kwa maandishi, kwa idadi ya wiki zilizo kwenye mkataba. Dai malipo ya likizo ambayo hukuichukua, dai P45, ile hati ya mshahara na kodi anayokupa mwajiri unapoacha kazi, na pakua hati zote za mshahara kabla hawajakufungia mfumo. Wakikuletea deni la mafunzo au la kukuleta Uingereza, usisaini chochote siku hiyo. Wapigie ACAS kwanza, shirika linaloshauri kuhusu haki za kazi; ushauri wao ni bure.