Nilivyotolewa kifuko cha nyongo nikiwa na sikoseli

Sisi wenye sikoseli tuna ugonjwa wa pembeni ambao wengi hatuambiwi mapema: mawe ya nyongo. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwingine huishi kama siku 120. Zetu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, na kila zinapovunjika huacha ile rangi inayotufanya macho yawe ya njano. Ini huitoa kupitia nyongo, ikizidi inaganda na kuwa mawe.

Mimi niliishi nayo bila kujua. Tumbo likinishika upande wa kulia chini ya mbavu, nyumbani walisema ni krisisi, yaani maumivu ya ghafla ya sikoseli, na kituo kimoja cha afya wakasema ni vidonda vya tumbo. Nikanywa dawa za vidonda mpaka nikazichoka. Kilichonitia shaka ni kwamba krisisi yangu naijua: huanzia kwenye mifupa, mgongo na mapaja, na mara nyingi huja na baridi. Hili lilikuja usiku baada ya wali wa nazi au samaki wa kukaanga, likapanda hadi kwenye bapa la bega la kulia, alfajiri likaondoka lenyewe. Nilipoteremka Mtwara mjini kupiga ultrasaundi, ubishi ukaisha. Mawe yalikuwa mengi, na daktari akasema kifuko chote kitolewe kabla jiwe halijashuka likaziba mrija mkubwa wa nyongo. Akaniandikia rufaa ya kwenda Dar es Salaam, nikafanyiwe upasuaji wa matundu madogo.

Nafundisha sekondari ya kata huko Newala. Asiyepajua, Newala iko juu kwenye uwanda wa Makonde, upepo haupumziki, na Juni na Julai watu wanashinda na masweta. Maji nayo ni ya kuhesabu ndoo. Baridi na upungufu wa maji ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha krisisi haraka, na likizo yangu ndefu inaangukia Juni hiyohiyo. Kwa hiyo hata kabla ya kufikiria Dar, nilimpigia simu shangazi yangu wa Mikindani nikamwomba nikitoka hospitali nifikie kwake, sio nyumbani. Pwani kuna joto, na kisima chake hakikauki.

Halafu kulikuwa na mjomba. Kwetu Wamakonde jambo kama hili halipiti bila mjomba kulikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unakwenda kutobolewa."

Alikuwa na maswali mawili, na yote yalikuwa ya maana kuliko niliyoulizwa na walimu wenzangu. La kwanza: wakitoboa tundu dogo hivyo, wanaona nini, si watakata kwa kupapasa? Nikamweleza kwamba wanaingiza kamera nyembamba kwenye kitovu, wanajaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili ngozi inyanyuke na kuacha nafasi, halafu wanatazama kwenye skrini, tena kwa ukubwa kuliko jicho linavyoona. La pili: hii si ya juzijuzi, wasije wakakufanya wa kujaribia? Nilikuwa nimesoma. Nikamwambia Mjerumani Kurt Semm alitoa kidole tumbo kwa njia hii mwaka 1980, na Mjerumani mwingine, Erich Mühe, akatoa kifuko cha nyongo mwaka 1985 katika mji wa Böblingen. Wenzake madaktari walimbeza, na ni mwaka 1992 ndipo chama cha wapasuaji cha nchi yake kilipompa tuzo kwa kazi hiyohiyo. Hapo mjomba akacheka sana. Nadhani kilichompa ruhusa moyoni ni ile habari ya wakubwa waliobeza halafu wakatoa tuzo.

Dar sikwenda kichwa kichwa. Nilikuwa na daftari lenye maswali, na daktari mpasuaji hakuchukia. Nilimuuliza kinachoharibika zaidi ni nini. Akasema bila kuzunguka: kukata mrija mkubwa wa nyongo ukidhani ni ule mdogo wa kifuko. Kwa matundu hutokea kwa watu kama 3 hadi 6 katika kila 1,000, zaidi kidogo kuliko kwa kupasua tumbo, na ikitokea ni kazi kubwa kuirekebisha. Kinga yake ni kanuni aliyoieneza Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995: usikate mpaka umesafisha mafuta na utando, ukaona vitu viwili tu vinaingia kwenye kifuko, mrija wake na mshipa wake wa damu. Usipoviona, unaacha, unapasua tumbo kwa njia ya zamani. Ndiyo maana karatasi ya ridhaa ina sentensi inayosema wanaweza kubadili wakiwa katikati ya kazi. Wengi wanaisaini wakiiogopa sentensi hiyo. Mimi ilinipa raha, kwa sababu daktari anayekubali kubadili ndiye ninayemtaka.

Lakini kwa mtu wa sikoseli kisu sio shida kubwa. Shida ni kifua. Chembe zikijikunja na kuziba mishipa ya mapafu baada ya operesheni, unaanza homa, kikohozi, pumzi inakata, na mtu anaweza kufa. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwagawa wagonjwa wa sikoseli wanaokwenda kufanyiwa operesheni, wengine wakaongezewa damu kabla, wengine hawakuongezewa. Wasioongezewa waliopata matatizo walikuwa 39 katika kila 100, walioongezewa 15, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa hiyo nikaongezewa damu mpaka kipimo cha wingi wa damu kikafika karibu na 10. Si zaidi sana ya hapo, maana ikizidi damu inakuwa nzito nayo inaziba. Kaka zangu wawili na rafiki wa chuo walikwenda kuchangia damu ya kurudishia benki. Kama unajipanga kwa safari hii, wapange hao mapema kabla ya nauli.

Vitu vingine niliviomba mwenyewe. Unapokatazwa kula na kunywa tangu usiku, mwenzako ataona kiu tu, wewe unakauka, hivyo niliomba dripu ianze usiku uleule. Chumba cha operesheni ni baridi kama Newala ya Julai, nikaomba mablanketi, na mtaalamu wa usingizi akaniambia hilo tayari lipo kwenye mpango wake. Alinieleza pia kwamba ile hewa inayojazwa tumboni huingia kwenye damu na kuifanya iwe na tindikali, jambo lisilotufaa sisi, kwa hiyo mashine ya kupumulia huongezewa kasi kuitoa. Naweza kusema yule ndiye aliyenivusha, ingawa sifa zote huwa zinakwenda kwa mpasuaji.

Nilipozinduka kwenye nusukaputi nilikuwa na matundu manne: la kitovuni, moja chini ya kidari, na mawili madogo pembeni, kila moja na plasta yake. Nesi akaniletea kichupa. Mawe yangu yalikuwa meusi, yanang'aa, kama mbegu za papai.

Jioni bega la kulia likaanza kuuma kuliko hata kidonda. Nilikuwa nimeambiwa: ni hewa iliyobaki, inachokoza kiwambo kilicho kati ya kifua na tumbo, na mishipa yake ya fahamu inapeleka maumivu begani. Nikilala chali linapungua, nikikaa linarudi. Halikunitisha. Kilichotisha kilikuja usiku uliofuata, homa pamoja na maumivu yanayochoma kifuani nikivuta pumzi, na kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kikashuka hadi 89. Hapo ndipo kujua tofauti kulipofaa. Nilimwita nesi nikamwambia hili si la hewa, mimi ni wa sikoseli, naomba daktari. Picha ya kifua ikaonyesha doa chini ya pafu la kulia. Wakaniwekea oksijeni na dawa za sindano, wakaniongezea damu tena, na wakanibana nivute pumzi kwa ile plastiki yenye vimpira vitatu kila saa, hata nikiwa nalia. Ukiogopa maumivu ya tumbo hupumui kwa kina, usipopumua kwa kina pafu la chini linajifunga, na likijifunga chembe zinajikunja. Dawa ya maumivu kwa mtu wetu ni sehemu ya matibabu ya kifua, si anasa. Nilikubali kila sindano. Siku chache baadaye nilikuwa natembea kwenye korido.

Sikupanda basi mpaka nilipopita kliniki ya marudio. Dar hadi Mtwara ni mwendo wa kutwa, kwa hiyo nilifunga kanga tumboni, nikashika mto mdogo wa kubana nikikohoa, na njiani, Nangurukuru, nikashuka kutembea ili damu isilale miguuni. Mikindani nikashukia kwa shangazi.

Kwa shangazi tatizo lilikuwa uzuri wa kovu. Wageni waliokuja kunipa pole waliomba kuona, wakaona plasta nne ndogo, wakashangaa mbona mtu amelala. Jirani mmoja akaniomba nimshikie ndoo. Shangazi alimjibu yeye, mimi sikuwa na haja: "Mwache mwanangu, ndani kumekatwa." Dalili alizopewa azitazame alizibandika ukutani jikoni: homa, macho kuwa ya njano kuliko kawaida yangu, tumbo kuvimba, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua. Nyongo ikivuja ndani huanza hivyo, na mara nyingi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali. Kila asubuhi alinivuta kope akachungulia macho. Kitovu kilitoa maji kidogo, kikasafishwa kwenye zahanati, kikakauka.

Chakula kilirudi taratibu. Mafuta mengi kwa mkupuo yalinipeleka chooni mbio wiki za mwanzo, kwa sababu nyongo sasa inatiririka moja kwa moja badala ya kusubiri kwenye kifuko. Korosho za kukaanga, ambazo kwetu ni kama hewa, nilizila chache chache.

Krisisi bado nazipata, hiyo haikuondolewa na mtu. Maumivu ya usiku ya kulia hayajarudi. Karatasi ya kuruhusiwa nimeipiga picha, ipo kwenye simu yangu, ya shangazi na ya mwalimu mkuu, kwa sababu makovu yamefifia kiasi kwamba daktari nitakayepelekwa kwake siku nisiyoweza kuongea ataliangalia tumbo hili na kudhani halijawahi kuguswa.