Mchicha wa Maji ya Mchele

Nilikuwa darasa la sita, Tabora mjini, mwezi wa nane, jua limeshaikausha ardhi tangu mvua za mwisho za Aprili. Bustani ya shule ilikuwa inakufa. Tulikuwa tumeinua matuta mazuri, yamenyooka kama reli, na mchicha ukawa unanyauka kabla ya saa nne asubuhi.

Amri ikatoka: kila mwanafunzi aje na kidumu cha lita tano. Nilipomwambia mama, alikuwa ameinamia ndoo yake ya mwisho. "Maji ya kuoga sina, ya mchicha nitayatoa wapi?" Nikaenda mikono mitupu, nikachapwa pamoja na wengine. Lile liliniuma, na linaniuma bado, kwa sababu mama hakuwa mchoyo. Siku hizo bomba lilikuwa likitoa upepo mtupu.

Mwalimu wetu wa kilimo hakukubali kushindwa. Alikuwa akitukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora, akaja kufundisha Tabora, na mwaka 1967 akaandika Elimu ya Kujitegemea ili shule ziwe na mashamba yenye akili, si ya kuchosha watoto. Akamleta mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli, aliyelima mboga nyuma ya nyumba yake mwaka mzima.

"Shikamoo babu!" tukamwamkia kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu."

Hakuhutubia. Alipiga goti, akachomeka kidole kwenye tuta hadi pingili ya pili, akakitoa kikavu, kina vumbi tu. "Hili tuta ni la masika," akasema. "Linamwaga maji yasiozeshe mizizi. Kiangazi nani anataka kumwaga maji? Chimbeni chini."

Tukayabomoa matuta yote. Tukachimba vijaruba, kina cha shibiri moja, kingo zimeinuliwa pembeni, tukachanganya samadi ya ng'ombe, na baada ya kupanda tukatandaza majani makavu ya miembe. Majani hayo Tabora hayaishi. Maji yakawa yanatulia palepale yalipomwagwa. Jioni ukifunua majani, udongo chini yake ulikuwa wa baridi, unashikana kiganjani.

Kisha mzee akauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyekuwa ameuliza: maji mliyooshea mchele nyumbani huwa mnayapeleka wapi?

Kesho yake mama alinijazia kidumu mwenyewe. Yalikuwa meupe kama maziwa.

Mwezi haukuisha tukavuna. Sehemu ilikwenda jikoni kwa chakula cha mchana, na kila aliyeleta maji akapewa fungu. Mama alilipokea langu, akalinusa, akatabasamu. Akaupika kwa karanga. Kabla hatujanawa, alipakua bakuli moja, akalifunika kwa sahani, akanikabidhi.

"Mpelekee babu kwanza."