Nilivyojenga ukuta wa kulinda tangi dhidi ya ndovu kule Namibia

Mimi ni fundi wa mawe. Natoka Sagalla, karibu na Voi, mahali ambapo ndovu wa Tsavo wakivuka usiku, kufikia alfajiri huna mahindi. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujitolea na EHRA, shirika linalojenga kuta za kulinda maji ya wafugaji kaskazini-magharibi mwa Namibia, sikusita. Mawe nayajua, ndovu nawajua. Jangwa tu ndilo lilikuwa geni.

Ndovu wa jangwani si aina nyingine ya ndovu. Ni walewale wa savana, ila wamezoea kuishi kwenye mito ya mchanga: Ugab, Huab, Hoanib, Hoarusib. Sehemu kubwa ya mwaka huoni tone juu. Maji yako chini. Ndovu hupiga mchanga kwa mguu, akachimba kwa mkonga, akangoja shimo lijae, na akishiba wanyama wengine nao huja kunywa hapohapo. Lakini kwa nini ahangaike kuchimba ilhali kuna tangi limejaa pale kwenye boma na harufu ya maji anaisikia kutoka mbali? Dume mkubwa mwenye kiu anaweza kunywa hadi lita 200 kwa siku. Tangi la mfugaji wa mbuzi halikununuliwa kwa hesabu hiyo.

Mama mwenye boma tulilopangiwa hakutupokea kwa bashasha, wala sikumlaumu. Mabomba yalikuwa yameng'olewa, tangi la plastiki limepasuka, mbuzi wanakwenda kunywa kwa jirani. Kilichomuuma zaidi kilikuwa dizeli. Pampu inakula dizeli, dizeli ananunua yeye, maji wanakunywa ndovu. "Wanaokuja kuwapiga picha wanawapenda sana," alisema kupitia kwa mkalimani. "Basi waje na dizeli."

Mzee wa boma la pili alinieleza kwamba ujana wao wote hawakuwa na shida hii. Ujangili na ukame wa miaka ya 1980 uliwamaliza ndovu wa huko, na bonde la Ugab likabaki bila ndovu mpaka walipoanza kurudi mwishoni mwa miaka ya 1990. Watu waliowakuta ndovu wakirudi hawakujua desturi zao. Walipiga masufuria, wakatupa mawe, wakafungulia mbwa, na ndovu akichokozwa hivyo huwa mkali zaidi. Sheria ya 1996 iliwapa wanavijiji haki ya kuunda hifadhi za jamii na kunufaika na wanyamapori na utalii. Ni sheria nzuri. Ila fedha huingia kwenye mfuko wa wote, na bomba hung'olewa kwa mtu mmoja.

Tukaanza kazi. Mawe tuliokota mlimani, na kila jiwe nililigeuza kwanza kwa buti, kwa maana nge wa kule hulala chini yake. Mchanga tulichota mtoni, tukauchekecha. Maji ya kukorogea saruji yalikuwa yaleyale ya mama, hivyo kila ndoo niliitumia kwa aibu. Ukuta wa namna hii haufanani na ukuta wa nyumba. Ndovu hasukumi tu: huegemea, hujikuna, hutafuta jiwe lililolegea alichomoe kwa mkonga. Kwa hiyo mawe makubwa niliyalaza kuelekea ndani, kama meno yaliyokaza kwenye ufizi, na sehemu ya nje nikaiziba vizuri asipate pa kushika. Tuliujenga mbali kidogo na tangi, kwa sababu mkonga una urefu wa kama mita mbili na ukifika juu ya tangi kazi yote ni bure. Mlango tuliacha mwembamba, mtu anapita kiubavu.

Kisha mabomba. Hapo ndipo nilibishana na vijana waliotaka kumaliza mapema. Bomba lililofukiwa juujuu ndovu hulipata. Hulifuata na kulifukua. Tulichimba upya hadi kwenye udongo mgumu, mchana wa jua lile, na hakuna aliyenisemesha hadi jioni.

Mama alikubali jambo moja kwa shingo upande: birika la ndovu nje ya ukuta, mbali na la mbuzi. Kwetu Sagalla tunaning'iniza mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, na ndovu akigusa waya nyuki humtoka, naye huondoka. Mahindi unaweza kumnyima. Maji jangwani ukimnyima atabomoa tu, ukuta uwe mnene namna gani.

Walikuja usiku, kabla hatujahamia boma jingine. Asubuhi nilikuta nyayo pana zimezunguka ukuta, na alama ya tope mahali mmoja alipojikuna. Jiwe moja la juu lilitikisika, nilirudisha saruji. Birika la nje lilikuwa kavu kabisa.

Mama alilitazama lile birika, akanitazama. Ukuta haupunguzi dizeli hata senti moja, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Mchana ule tulikaa chini ya mti na mkalimani tukaandika barua kwa kamati ya hifadhi yao kuomba pampu ya sola. Alikuwa ametunza risiti zote za dizeli kwenye kopo la maziwa. Tuliziambatanisha.