Mchezo wa kwanza wa hadithi: vipande kumi na viwili vinatosha

Wengi wanaoanza kutengeneza mchezo wa hadithi, ule ambao msomaji ndiye anayeamua mhusika afanye nini, hukwama kabla ya kufika katikati. Kinachowakwamisha ni hesabu. Ukitoa machaguo mawili kila hatua, na kila chaguo likashika njia yake, kufikia hatua ya tano una miisho 32 na vipande 63 vya kuandika (kipande ni ukurasa mmoja mfupi wa hadithi). Hatua ya kumi, miisho ni 1,024. Na katika vile 63, msomaji akicheza mara moja ataona sita tu.

Kwa hiyo acha njia ziachane kidogo, kisha zikutane tena, na mchezo wenyewe ukumbuke msomaji alipita wapi. Kwa njia hii vipande kumi na viwili vinatosha kwa mchezo wa kwanza. Hapo ndipo utamu ulipo: chaguo la mwanzo linakuja kudai deni lake baadaye.

Tumia Twine, programu ya bure iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009. Unaweza kuifungulia kwenye kivinjari, twinery.org, au kuisakinisha kwenye kompyuta. Unapoanza hadithi mpya inakuja na Harlowe, lugha ndogo ya kuandikia maagizo. Baki nayo.

Tuchukue mfano. Neema anashuka stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar es Salaam, usiku, ana shilingi 5,000. Shangazi yake wa Sinza anaumwa na anamsubiri amletee dawa ya shilingi 2,000. Kipande cha kwanza, "Stendi", kinaishia hivi:

[[Panda bodaboda->Bodaboda]]
[[Subiri daladala->Daladala]]

Maneno ya kushoto ndiyo anayoyaona msomaji. Ya kulia ni jina la kipande anachopelekwa. Ndani ya "Bodaboda" andika (set: $pesa to it - 4000), ndani ya "Daladala" toa 700. Hiyo $pesa ni jina la mahali mchezo unapokumbuka Neema amebaki na shilingi ngapi. Vyote viwili viende "Duka la dawa", ambako (if:) ni "ikiwa" na (else:) ni "vinginevyo":

(if: $pesa >= 2000)[Pesa ipo, lakini duka limeshafungwa. [[Gonga dirisha->Dirishani]]]
(else:)[Duka liko wazi, ila umebaki na 1,000. [[Omba kukopeshwa->Mkopo]]]

Aliyewahi hana pesa, mwenye pesa amechelewa. Machaguo yaliyo mazuri ni ya namna hii, kila upande una gharama yake. Chaguo ambalo upande mmoja ni ujinga mtupu halimfikirishi mtu.

Ile 5,000 ya kuanzia usiiweke ndani ya "Stendi". Siku utakapotunga njia ya kumrudisha Neema stendi, atajaziwa mfuko upya kila akifika. Tengeneza kipande cha pembeni, kipe tagi (lebo) ya startup, na humo uandike (set: $pesa to 5000). Kinasomwa mara moja tu, mchezo unapoanza. Usiweke koma kwenye namba. 5,000 ndani ya agizo italeta kosa.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni la majina. Twine inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na ukiandika kiungo cha kwenda "duka la dawa" badala ya "Duka la dawa", haikugombezi: inakuundia kipande kipya, kitupu. Msomaji anafika hapo na kukuta ukurasa hauna kitu. Kila ukimaliza kuandika, angalia ramani, pale Twine inapoonyesha kila kipande kama kisanduku, na utafute kisanduku ambacho hukukusudia. Tafuta pia (if:) isiyo na (else:), maana sharti lisipotimia viungo vilivyomo ndani yake hupotea, na kama hakuna vingine msomaji hana pa kutokea.

Wasomaji wengi watacheza kwa simu, kwa hiyo maneno 60 hadi 100 kwa kipande yanatosha. Viungo visifichwe chini kabisa.

Ukitumia Twine ya kivinjari, hadithi inahifadhiwa ndani ya kivinjari hichohicho. Ukifuta data zake, kazi yote imekwenda. Kila siku unapofunga kazi, ingia "Build", bonyeza "Publish to File", upate faili moja la HTML. Faili hilo ni nakala yako ya akiba, unaweza kulirudisha ndani ya Twine ukaendelea kuandika, na ndilo utakalompa mtu acheze kwenye kivinjari chake bila kusakinisha chochote. Ukiongeza picha zilizo kwenye kompyuta yako, nazo zisafiri pamoja nalo, kwa mfano kwenye faili la zip, kwa sababu Twine haizibebi yenyewe.